Mtu Mwenye Sauti ya Chini

Achieng mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, inua macho utazame kama kuna mtu karibu nawe. Kama yupo, kunja karatasi hii na ungoje. Barua hii usimsomee mtu yeyote. Usimsomee nyanyako, ambaye hana siri mbele ya wanawake wenzake wa kanisa, wala binamu zako, wala mwalimu atakayekupenda mpaka udhani unaweza kumwamini. Nakuomba. Nimekuwa mzazi wa kuamuru zaidi kuliko kuomba, kwa hiyo nikisema nakuomba, ujue nimeogopa. Ukishaisoma mara mbili, itie motoni nyanya akiwa shambani, kisha uyavuruge majivu kwa kijiti. Karatasi iliyoungua bila kuvurugwa bado husomeka. Mimi ni karani, najua mambo ya karatasi.

Sasa hivi uko nyumba ya pili kwa Mama Vivian, unasukwa nywele za safari. Nakusikia ukicheka kupitia mabati. Nilimwomba akusuke mistari midogo midogo ili achelewe kumaliza, nami nipate nafasi. Barua nitaificha katikati ya jalada la kitabu chako cha hesabu na karatasi ya kaki niliyokivika jana. Utaiona siku utakapobadilisha karatasi hiyo, na kwa jinsi unavyochafua vitabu, haitakuwa mbali.

Habari za kufua, za kula, za kuamka mapema, nyanyako atakueleza mpaka uchoke. Mimi nina jambo lingine, na la kwanza ni kwamba nilikudanganya. Magoti ya nyanya hayaumi zaidi kuliko mwaka jana. Hukutolewa shule katikati ya muhula, darasa la saba, ili ukamchotee maji. Nimekuondoa huku mtaani kwetu Gatwekera kwa sababu Jumapili kuna kitu nitaulizwa na sitakuwa nacho, na sitaki uwe ndani ya nyumba wakati huo.

Unakumbuka mwaka jana mlipoigiza shuleni ule mchezo wa mtawala katili? Ulipewa nafasi ya mtawala kwa sababu una sauti kubwa. Nilikutengenezea kofia ya kadibodi, nikakushonea vifuniko vya soda kifuani mwa koti la marehemu baba yako, tukakuchora masharubu ya masizi. Ulipanda juu ya meza ukapiga kelele, "Nileteeni mamba wangu, wana njaa!" na watoto wakaangua kicheko. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mgeni wa heshima, alikaa Mzee Odongo, mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi. Alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho. Mwisho alikuita akakupa daftari kumi na mbili, akasema kwa ile sauti yake ambayo lazima uiname ndipo uisikie, "Huyu mtoto ameniogopesha kweli."

Nilimtazama sana akicheka. Hakuwa anajificha. Alicheka kwa moyo mweupe, kwa sababu hakujiona pale juu ya meza, na sisi wengine pia hatukumwona.

Tukirudi nyumbani uliniuliza, "Mum, kwani huyo dikteta alipata aje kiti? Kwenye play anaanza tu akiwa amekaa."

Nikakujibu, "Achana na hiyo, ni play tu. Tembea, mvua inakuja."

Nimekuwa na deni la jibu hilo kwa mwaka mzima.

Najua umejifunza wapi habari za madikteta. Si shuleni peke yake. Najua mlikuwa mnapenya kwenye kile kibanda cha video karibu na reli, wewe na Vivian, na ningekuchapa kama nisingekuwa nami nimewahi kuingia. Picha zao zote ni moja. Kuna jenerali mwenye miwani myeusi. Vifaru vinaingia mjini alfajiri, askari wanavunja mlango wa redio, muziki wa bendi unapigwa, na jenerali anatokea kwenye roshani akinguruma. Anafuga chui. Anakula kwa kijiko cha dhahabu. Anamuua waziri wake mezani kisha anaomba chumvi. Mtu akitoka mle ndani anajisemea, afadhali huku kwetu hakuna mnyama wa namna ile. Tena anaamini kwamba siku dikteta akija, itajulikana kuwa amekuja, na watu wazuri watakuwa upande mmoja, na yeye mtazamaji bila shaka atakuwa miongoni mwao.

Katika picha hizo mtawala huchukua. Yule niliyemwona mimi hakuchukua kitu. Alipewa, kidogo kidogo, na watu wenye shukrani, nami nilikuwa mmoja wao. Kwa kweli nilikuwa wa kwanza.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka sita. Gogo lilimwangukia akipakua lori, ukaambiwa amesafiri. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na hapa Nairobi sikuwa na ndugu wa kumtuma hata kununua sabuni. Mzee Odongo alikuwa mlinzi mstaafu aliyekaa mlango wa nne kutoka kwetu, mtu wa pumu, mwembamba. Sikumwita. Alikuja mwenyewe na chupa ya chai na kitabu cha mistari. Akapita nyumba kwa nyumba, Gatwekera yote, mpaka ng'ambo ya mto, akiomba mchango kwa sauti ile ya mgonjwa, na watu wakatoa. Alitafuta basi, akaenda mochari, akagombana na makarani wa huko kwa upole mpaka wakaona haya. Safari nzima ya kwenda kumzika nyumbani, kule ziwani, ulilala mapajani mwake, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshikilia jeneza lisitikisike. Alishuka nasi na kukaa mpaka udongo wa mwisho. Kaka wa baba yako hawakufanya nusu ya hayo.

Tuliporudi akaniambia, "Mama Achieng, wewe umesoma. Mimi mwandiko wangu ni wa kuku. Tuanzishe chama, mtu wa kwetu asipate shida kama yako. Wewe uwe katibu."

Ningekataaje? Na kwa nini ningekataa? Lilikuwa jambo jema, na bado nasema lilikuwa jambo jema. Miaka miwili ya kwanza tulisafirisha maiti nyingi, hakuna aliyeachwa. Niliandika katiba kwa taipu ya ofisini wakati wa chakula cha mchana. Niliweka humo kwamba viongozi watachaguliwa kila mwaka, na nilikipenda kifungu hicho kama mtu anavyopenda kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Mwaka wa tatu ulipofika mkutano wa uchaguzi, mwili wa bibi mmoja muuza samaki ulikuwa bado mochari. Unaijua desturi yetu. Maiti ikiwa haijazikwa, watu hawagombani. Hata ndugu wenye kesi ya shamba hungoja jeneza lifunikwe ndipo watukanane. Sasa wakasimama wanaume wawili wakitaka kiti, na jamaa zao wakaanza.

"Wewe unatafuta cheo na mama wa watu bado yuko kwenye barafu!"

"Na wewe umekuja kufanya nini, kuomboleza na hiyo tai nyekundu?"

Nikaona aibu. Nikasimama, mimi mwenyewe, nikasema tuahirishe uchaguzi mpaka bibi azikwe, na Mzee Odongo aendelee kwa muda. Na sikiliza hili, Achieng: yeye alikataa. Alisema, "Hapana binti yangu, katiba ni katiba, nami nimechoka." Tukamsihi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaandika kitabuni, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba wanachama wote walikubali kwa kauli moja. Hakuna aliyekuwa ameulizwa. Walinyamaza tu, wengine kwa heshima, wengine kwa njaa, wakitaka mkutano uishe. Lakini katibu huandika hivyo. Nilifundishwa hivyo chuoni: kama hakuna aliyepinga, andika wote.

Bibi alizikwa. Uchaguzi haukuitishwa tena mwaka ule, na mimi niliyeahirisha nikaona haya kukumbusha, nisije nikaonekana simpendi mtu aliyemzika mume wangu.

Mwaka uliofuata siku ya mkutano ikawa tena kuna maiti. Na mwaka wa baada ya huo. Nikasema moyoni, ni bahati mbaya tu, huku kwetu watu wanakufa sana siku hizi. Kisha jioni moja nilipekua kitabu kutafuta jina la mtu, nikaona kitu nilichokuwa nimekiandika mwenyewe bila kukisoma. Mwenyekiti alikuwa hatangazi tarehe ya mkutano mapema. Alikaa kimya miezi miwili, mitatu. Kisha mtu alipofariki, siku ya pili yake, tarehe ilitangazwa. Kila mwaka. Hakumdhuru mtu. Alikuwa anangoja tu, na Gatwekera haimchoshi mtu anayengoja msiba.

Nilifunga kitabu nikakupikia ugali. Huo ndio ushujaa wa mama yako.

Baadaye zikaja kanuni, moja moja, na kila moja ilikuwa na sababu nzuri. Kwamba asiyehudhuria mikutano miwili mfululizo asihudumiwe, maana wavivu walikuwa wanatubebesha mzigo. Haki, au si haki? Mimi niliona ni haki. Kwamba barua ya kwenda mochari isainiwe na mwenyekiti peke yake, kwa sababu kuna mjanja alighushi. Sawa. Kwamba maswali yaletwe kwake nyumbani kwanza, yasivuruge kikao. Nayo nikaiandika: kwa kauli moja.

Kulikuwa na kijana mmoja, Ouma, fundi wa mawe. Kazi zake zilikuwa Kawangware, mtaa mwingine kabisa wa jiji, na alikuwa anatoka huko kwa miguu kuja mkutanoni na vumbi la saruji kichwani. Siku moja akainua mkono bila kupitia nyumbani kwa mtu.

"Chairman, mimi nauliza tu, usikasirike. Kila mwaka tunaambiwa kuna maiti. Sasa tutapiga kura lini, tukiwa maiti sisi wenyewe?"

Watu walicheka. Mzee Odongo alicheka pia. Aliyejibu ni Min Rose, yule mama wa mandazi umpendaye, aliyegeuka kwenye benchi akamtishia kwa mkono kana kwamba ameshika mwiko. "Wee Ouma, chunga huo mdomo! Nani atakuzika?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Ulikuwa mzaha, nakuapia. Lakini kuanzia siku ile ukawa unasikia watu wakiambiana kisimani, kwenye choo, kanisani: we, usiseme hivyo, nani atakuzika? Hakuna askari aliyetumwa kuwanyamazisha. Walinyamazishana wenyewe, kwa utani, kama unavyomkataza mtoto asicheze na kisu.

Mkutano uliofuata Ouma alichelewa. Nilikuwa nimeshafika jina lake kwenye orodha, nikainua macho, nikamwona anaingia na kuketi benchi la tatu. Nikasita. Mzee Odongo alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akakitazama kitabu changu, si mimi, kitabu tu. Nikaandika: hayupo.

Mkutano wa pili Ouma aliwahi. Alifika hata kabla ya mabenchi kupangwa, akasaidia kuyapanga. Nikaandika: hayupo. Na safari hii, mwanangu, hakuna aliyekuwa amenitazama.

Nimefikiri sana juu ya mstari huo mmoja. Kwenye video huwa wanaonyesha karani akitetemeka huku bastola imewekwa kichwani. Kwangu hapakuwa na bastola. Ni mkono tu ulikuwa umezoea.

Miezi minne baadaye mama yake Ouma alikuja mjini kutibiwa tumbo, akafia hapa. Ouma akaja kwenye chama. Mzee Odongo alimkumbatia, akalia machozi ya kweli, kisha akasema, "Mwanangu, mimi ni nani hata nipinge kitabu? Muulize katibu kitabu kinasema nini."

Wote wakanigeukia. Ouma akanitazama. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Nikasema, "Kitabu kinasema hukuwapo."

Mama yule alizikwa katika makaburi ya jiji, mbali na mumewe, mbali na nyumba yake, kwenye mvua, na watu wachache waliothubutu kwenda. Mimi sikuthubutu. Unajua kwetu hilo lina maana gani. Ouma alihama, akaenda kukaa sehemu inayoitwa Kongo, kule Kawangware, na watu wakaacha kutaja jina lake.

Mwaka huu ni mwaka wa kura, umeona mabango. Mwezi wa tano walianza kuja watu wenye suti kwa Mzee Odongo. Walimfuata kwa nini yeye, asiye na cheo serikalini? Kwa sababu ana kitu ambacho hakuna mwingine anacho: kitabu chenye jina la kila mtu wetu, mlango anaokaa, kijiji atokako, ndugu zake. Tuliviandika vyote hivyo ili tujue tumpeleke mtu wapi akifa. Siku hizi vijana wanakaa mchana kutwa nje ya nyumba yake. Mzee hajabadilika. Bado anavaa sweta ile ya kijivu, bado anakohoa, bado anauliza hali ya wagonjwa kwa majina yao. Angekuwa amevaa medali, labda ningekimbia mapema.

Jumapili iliyopita alikuja kwetu, unakumbuka. Ulimletea chai. Akakuuliza, "Achieng, uko darasa gani sasa?"

"La saba, babu."

"Nilikubeba kwa haya mapaja, unajua? Usiku wote. Hukuamka hata mara moja."

Wewe ukacheka, ukatoka nje. Mlangoni walikuwa wamesimama wawili wa vijana wake wakila njugu, na mmoja akakuambia, "Sasa, msupa, unaenda wapi?" ukamjibu kwa kumbeza kama kawaida yako. Ndani, Mzee alikuwa akiniambia nimpelekee kitabu Jumapili ijayo.

"Na uweke alama ndogo," akasema. "Ya penseli tu, ifutike. Kwa wale wasioelewa. Wewe unawajua."

"Alama ya nini, Mzee?"

"Wasaidiwe kuelewa, kabla ya kura." Akainuka, akashika mgongo. "Mtoto amekua huyu. Vijana wananiuliza ni wa nani."

Aliniombea dua, akaenda. Uliporudi ukanikuta sakafuni, nikakuambia naokota sindano.

Usidhani kilichofuata nilikifanya kwa ujasiri. Nilikifanya kama mtu anayeruka kutoka nyumba inayoungua. Jana, saa ya chakula, nilikitia kitabu ndani ya mfuko wa unga nikaenda Kawangware, sehemu ya Gatina, ambako nilisikia Ouma anajenga. Nilimkuta juu ya jukwaa la miti. Alinitazama kutoka juu kwa muda mrefu.

"Katibu. Leo umekuja kuniandika hayupo hata huku?"

Wenzake wakacheka bila kujua kwa nini. Nilimwomba ashuke. Nikamkabidhi mfuko, akauchungulia, akaurudisha kifuani pangu.

"Unaniletea kesi, Mama Achieng? Peleka kwa mwenyewe."

Nikamweleza juu ya alama. Nikamwambia ni akina nani ninaotakiwa kuwatia alama: Min Rose amekuwa mmoja wao, kwa sababu alikataa kupika chai ya vijana. Nikamwambia kwamba kuna ukurasa wenye jina lake, mara mbili, na mwandiko ni wangu, na kwamba siku ile ya mabenchi nilimwona.

"Najua uliniona," akasema. "Ulinitazama hivi, halafu ukaandika." Alikuwa anakwangua saruji kwenye kucha. "Mama yangu alikuwa anauliza kama ni nyinyi mtampeleka nyumbani. Kabla afe. Nikamwambia ndiyo."

Alichukua mfuko, akaufunga ndani ya karatasi ya saruji, akasema ataanza na Min Rose jioni hiyo, mlango kwa mlango, kila mtu aambiwe jina lake liko wapi na linatakiwa kwa kazi gani. Kisha akasema, "Hama kabla ya Jumapili. Mtoi umpeleke mbali." Hakusema amenisamehe, na usije ukanisimulia hadithi hiyo siku moja kana kwamba alisema.

Kwa hiyo kesho wewe unaondoka asubuhi. Nami nikishakuona umeketi ndani ya basi, sirudi Gatwekera. Yuko mama mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kupanga Gatina, Mama Wambui, ananunua mbao pale ninapofanya kazi na hunikoromea kila risiti inapokuwa si safi. Nilimwomba chumba tangu Jumatatu, nikamwambia nimetoka wapi na kwamba huenda nikatafutwa. Akanikatiza. "Mimi siulizi mtu kabila wala kesi. Nauliza kama unapika na jiko la mkaa ndani ya nyumba yangu mpya." Nikasema sipiki. "Basi lete vitu, na ulete pole pole, usiniharibie rangi ya ukuta." Karibu nimbusu mkono.

Achieng, sijui kitatokea nini. Labda hakuna kitu. Labda Mzee atasikitika tu, atasema katibu amechoka, na watu watamchagulia mwingine kwa kauli moja. Labda jana Min Rose hakumfungulia Ouma mlango. Ninaogopa kwamba watu watamchukia yeye na kunichukia mimi kwa kuwaibia mazishi yao, kwa sababu kwao kitabu kile ndicho tiketi ya kurudi nyumbani, na sijui nitawaambia nini. Nina hofu tu, na hofu ninayoijua sasa naiona afadhali kuliko ile niliyokuwa naiita shukrani.

Utakutana na watu wema, wengi ni wema kweli. Wapende. Lakini ukimwona mtu ambaye watu wote wanaona haya kumuuliza swali dogo, kwa sababu ya wema wake, jihadhari, si naye tu, na haya hiyo pia. Muulize mapema, wakati swali bado ni dogo. Sasa naona lingekuwa rahisi mwaka wa tatu. Mwaka wa saba lilikuwa linaweza kumnyima mtu kaburi. Na wakikupa kalamu, maana una mwandiko kama wangu, uandike aliyekuwapo kwamba yupo. Sijui kama hilo ni jambo kubwa. Kwangu lilikuwa ndilo jambo lote.

Mama Vivian anamalizia, namsikia akikuambia uinamishe kichwa. Sasa sikiliza jinsi ya kunipata.

Usiandike ofisini. Usimtume kondakta wala mtu yeyote wa kwetu anayekuja Nairobi, hata awe mjomba. Ile anwani niliyokufanya uimbe wiki nzima ukidhani ni mchezo wa kukariri ni ya Mama Wambui. Usiiandike popote ila juu ya bahasha. Ndani weka bahasha nyingine isiyo na jina. Usitaje kijiji, usitaje shule, usimtaje Ouma. Niambie tu unakula nini na umesoma nini.

Nitakujibu kwa mkono. Ukipata barua iliyopigwa taipu, hata ikiwa na jina langu na maneno mazuri, si yangu.

Mtu akikuletea habari kwamba nimekufa na chama kinanileta kwa basi, usitoke kwenda barabarani kunipokea. Mama Wambui ameahidi kukuandikia yeye, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Kama hajaandika, niko hai. Kama ameandika, nitakuwa nimezikwa huku huku, na usikubali kunyamaza kwa ajili ya mtu yeyote ili mifupa yangu isafirishwe.

Shule zikifungwa usije Nairobi. Nitakuja mimi, mchana, peke yangu, kwa miguu kutoka njia panda, na utaniona kutoka mbali. Atakayekuja na gari akisema ametumwa na mama yako akuchukue, hata akikuita kwa jina lako la nyumbani, hata akilia, mwambie hunijui.